Betri ikifa, gari limekufa? Jinsi bei ya haibridi iliyotumika inavyopangwa

Mtu akianza kufikiria kununua gari la haibridi, haitapita wiki kabla hajasikia sentensi mbili. Ya kwanza: "Usinunue, hutapata wa kumuuzia, betri ikifa, gari limekufa." Ya pili: "Chukua haraka, magari hayo hayashuki bei." Wanaosema hivyo si waongo. Kila mmoja ameona kwa macho yake mtu aliyepata hasara, au aliyeuza vizuri. Shida ni kwamba wanazungumzia magari tofauti, ya umri tofauti na ya aina tofauti, kwa jina moja.

Tuanze na jina hilo. Haibridi, au gari mseto, ni gari lenye vyanzo viwili vya nguvu: injini ya mafuta na mota ya umeme. Chini ya jina hilo kuna makundi matatu, na kila kundi lina bei yake sokoni.

Haibridi kamili inaweza kutembea kwa umeme peke yake kwa mwendo mfupi, kisha injini inaingia. Haichomekwi popote, umeme wake inautengeneza yenyewe. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, ndiyo iliyofanya watu wengi walijue kundi hili. Haibridi nyepesi, ambayo mara nyingi hutumia mfumo wa volti 48, ina mota ndogo ya kusaidia injini tu. Kwa kawaida mota hiyo haiwezi kulisukuma gari peke yake. Halafu kuna haibridi ya kuchomeka: ina betri kubwa zaidi, unaichaji kwenye soketi, na inatembea kilomita kadhaa kwa umeme kabla ya kugusa mafuta. Nissan Leaf, ambayo watu wengi huitupia kwenye kapu hili, haimo kabisa. Leaf ni gari la umeme tupu, halina injini. Tutairudia, kwa sababu mkanganyiko huo umewagharimu watu fedha.

Thamani ya kuuza tena ni kile unachopata siku unayouza, ukikilinganisha na kile ulichotoa siku uliyonunua. Maneno yanaonekana mepesi, lakini ndani yake kuna mtego wa kwanza.

Chukua magari mawili mapya. La petroli lina bei ya mafungu 100 (fungu ni kipimo cha mfano tu, si fedha ya nchi yoyote). Pacha wake wa haibridi ni mafungu 110, kwa sababu amebeba mota, betri na vifaa vya ziada. Tuseme baada ya miaka mitano la petroli linauzwa 55, la haibridi 60. Mmoja atasema haibridi imepoteza 50 na petroli 45, kwa hiyo haibridi ni hasara. Mwingine atasema la petroli limebakiza asilimia 55 na la haibridi asilimia 54 na nusu, kwa hiyo wako sawa. Hesabu zote mbili ni sahihi. Hakuna hata moja iliyogusa mafuta.

Basi tuyaweke mafuta ndani. Kama la petroli linakula lita 8 kwa kilomita 100 na la haibridi lita 5, na unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka, katika miaka mitano haibridi imekuachia lita 2,250 ambazo hukuzinunua. Zidisha kwa bei ya lita unayoijua. Mara nyingi pengo la yale mafungu matano linafunikwa hapo na kubaki chenji. Ila hesabu hiyo ni ya mtu anayeendesha mjini, kwenye foleni, kusimama na kuondoka. Gari likiishi kwenye barabara kuu kwa mwendo mmoja, breki hazikanyagwi, hakuna nguvu ya kurudishwa kwenye betri, na faida hupungua sana. Ndiyo maana haibridi ileile huchangamkiwa na wanunuzi wa mjini kuliko wanaosafiri masafa marefu.

Betri yenyewe

Hofu yote inakaa hapa, na chanzo chake ni simu. Kila mtu amewahi kuwa na simu iliyochoka chaji baada ya miaka miwili au mitatu. Akisikia gari lina betri, anaiona simu yake.

Lakini simu tunaitumia vibaya makusudi: tunaijaza hadi 100, tunaikausha hadi inazima, kesho tunarudia. Kompyuta ya haibridi kamili haikupi nafasi hiyo. Kwenye Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa 2003, betri huachwa icheze takriban kati ya asilimia 40 na 80. Kipimo cha dashibodi kikionyesha imejaa, haijajaa kweli. Kikionyesha tupu, bado kuna kama asilimia 40 ndani. Betri hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kama kilowati-saa 1.3 tu. Kazi yake si kutunza umeme wa safari nzima. Inapokea nguvu ambayo ingepotea kama joto unapokanyaga breki, inaishika kwa muda mfupi, kisha inairudisha gari linapoondoka.

Sasa ilinganishe na Leaf ya kwanza, iliyotoka 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24. Pale betri ndiyo tangi la mafuta. Ikipoteza robo ya uwezo wake, umepoteza robo ya safari yako. Betri hiyo haikuwa na mfumo wa kuipoza kwa maji, na kufikia 2012 wamiliki wa Arizona, kwenye joto kali la jangwani, walikuwa wanalalamika hadharani kwamba umbali unapungua haraka. Leaf zilizotumika zilishuka bei sana. Habari hiyo ilipopita mdomo hadi mdomo, neno "Leaf" lilidondoka njiani, likabaki "magari ya betri". Haibridi zikabeba msalaba usio wao.

Hii haina maana kwamba betri ya haibridi haifi. Inakufa. Joto ndilo adui yake mkubwa, na kwenye haibridi nyingi kuna feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na mzigo, au feni ikijaa vumbi na manyoya ya mbwa, betri inapikwa polepole bila dereva kujua. Umri nao unahesabu. Gari lililoegeshwa mwaka mzima lenye kilomita chache huwavutia wanunuzi, lakini kukaa muda mrefu bila kufanya kazi ni kubaya kwa betri hizi. Mileji ndogo peke yake si ushahidi wa afya. Mimi ningechukua gari lililotembea kila siku na kufanyiwa huduma, nikaacha lile lililolala.

Kwa nini bei huporomoka ghafla

Hapa ndipo majibu ya wale watu wawili wa mwanzo yanapokutana.

Bei ya gari hushuka kila mwaka. Bei ya betri mpya haishuki kwa kasi hiyo. Rudi kwenye mafungu yetu. Tuseme betri mpya, pamoja na kazi ya fundi, ni mafungu 12. Gari likiwa na miaka minne na bei ya 65, betri ni chini ya moja ya tano ya bei. Tena gari huwa bado liko ndani ya dhamana: Marekani, dhamana ya betri ya haibridi kwa kawaida imekuwa miaka 8 au maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000, na Toyota iliongeza ya kwake hadi miaka 10 au maili 150,000 kuanzia magari ya modeli ya 2020. Mnunuzi wa gari la miaka minne hana cha kuogopa, na analipa vizuri. Aliyemuuzia ndiye aliyekuambia haibridi hazishuki.

Gari hilohilo likifika miaka kumi na miwili, bei imeshuka hadi 28. Betri bado ni 12. Sasa hofu ni zaidi ya asilimia 40 ya gari zima, na dhamana haipo. Hata kabla ya hapo inaweza kuwa haipo, kwa sababu dhamana ya nchi gari lilikouzwa likiwa jipya mara nyingi haivuki mpaka linaposafirishwa. Mnunuzi anakata bei kana kwamba betri imeshakufa, na mwenye hofu zaidi anakata hata usumbufu. Muuzaji akikubali, anakwenda kuwaambia wenzake haibridi haiuziki.

Kibaya zaidi, mnunuzi anamkatia kila mtu, mwenye betri nzima na mwenye betri mbovu, kwa sababu hawezi kuwatofautisha. Anaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo anatoa bei ya mbuzi mgonjwa kwa magunia yote. Mwenye gari zima akisikia bei hiyo anakasirika na kuamua kubaki nalo. Mwenye gari linaloumwa anapokea haraka na kuondoka. Sokoni wanabaki wengi wa aina ya pili, na hofu iliyoanza kama dhana inajipatia ushahidi. Naona huu ndio uonevu mkubwa katika biashara hii, na unaniuma kwa sababu gunia linafunguka. Kufungua kunachukua nusu saa.

Nitaeleza kwa mfano wa Prius ya kizazi cha pili. Betri yake ina moduli 28, yaani betri ndogondogo zilizounganishwa, na kompyuta ya gari inazisoma mbilimbili, kwa hiyo inatoa namba 14 za volti. Fundi anachomeka mashine ya kusoma kompyuta chini ya usukani, namba 14 zinajitokeza kwenye skrini. Nimekaa kiti cha abiria mara kadhaa nikizitazama. Gari likiwa limetulia, karibu zote zinafanana: 15.6, 15.5, 15.6. Ukiishia hapo umedanganyika, kwa sababu hata mgonjwa huonekana mzima akiwa amelala. Inabidi gari liondoke kwa nguvu, kwenye kilima kama kipo. Namba zote zinashuka pamoja kama watu wanaobeba mzigo mmoja. Kwenye betri nzima zinashuka kwa kiasi kilekile na kurudi pamoja. Kwenye betri mbovu moja inaanguka peke yake, tuseme wenzake wako 14.8 na yeye yuko 13.4, kisha gari likichaji anapanda juu kuliko wote. Huyo ndiye anayewachosha wenzake. Tofauti ikikua sana, kompyuta inaandika msimbo P0A80, unaomaanisha betri ibadilishwe, na taa zinawaka.

Muuzaji anaweza kuufuta msimbo asubuhi kabla hujafika. Lakini mashine nyingi zinaonyesha pia gari limetembea kilomita ngapi tangu kumbukumbu ifutwe. Ukikuta kilomita 6, uliza kilitokea nini kilomita 7 zilizopita. Dalili nyingine unaziona bila mashine: kipimo cha betri kinachopanda na kushuka haraka kupita kiasi, na feni ya nyuma inayovuma kwa nguvu hata wakati hakuna joto.

Jambo jingine la kuangalia ni risiti. "Betri imetengenezwa" na "betri imebadilishwa" ni vitu viwili tofauti kabisa. Mara nyingi fundi huondoa moduli moja iliyokufa na kuweka nyingine, iliyotoka kwenye betri kuukuu. Gari linawaka, taa zinazimika, kila mtu anafurahi. Lakini zile 27 zina umri uleule, na baada ya muda jirani yake naye anachoka. Matengenezo hayo yanaweza kumfaa mwenye gari anayetaka kulisukuma mwaka mwingine, na simlaumu. Kwenye mauzo, hata hivyo, hayastahili bei ya betri mpya.

Betri ndogo inayosingiziwa

Ndani ya haibridi huwa kuna betri mbili. Ile kubwa tunayoibishania, na nyingine ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote. Ndogo ndiyo inayoziamsha kompyuta. Ikichoka, gari halikubali kuwa tayari, taa zinawaka ovyo kwenye dashibodi, na mwenye gari anaamini msiba umefika. Wapo waliouza magari yao kwa bei ya kutupa kwa sababu ya betri ambayo bei yake haikaribii hata kidogo ya ile kubwa. Haibridi ikikataa kuamka, kabla ya jambo lolote pima betri ya volti 12.

Na kuna magonjwa ya upande wa pili, ambayo mnunuzi anayeiwaza betri tu huyapita bila kuyaona. Prius za kizazi cha tatu, hasa za miaka ya mwanzo kuanzia 2009, zinajulikana kwa mafundi kwa njia za kurudisha moshi kwenye injini zinazoziba masizi, na kwa gasketi ya silinda hedi inayoungua baadaye. Unaweza kukuta betri iko salama na injini inakunywa maji. Inveta nayo, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uendeshe mota, ni ghali na inahitaji kupozwa. Februari 2014 Toyota iliita karibu Prius milioni 1.9 za kizazi hicho duniani kote kurekebisha programu inayohusika na sehemu hiyo. Muuzaji awe na ushahidi kwamba gari lake lilirekebishwa.

Upande wa unafuu husemwa mara chache. Breki pedi za haibridi hudumu kwa muda mrefu, kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi. Haibridi kamili za Toyota hazina stata wala altaneta za kawaida, hazina klachi, na giaboksi yake ni mpangilio wa meno yanayozungukana usio na mkanda wa kukatika. Injini nayo hupumzika kila gari linaposimama, kwa hiyo kilomita 150,000 kwenye dashibodi si kilomita 150,000 za injini.

Vitu visivyo ndani ya gari

Hata gari likiwa zima, bei yake inavutwa na mambo ya nje. Kubwa ni mafuta. Katikati ya 2008 petroli Marekani ilipita dola 4 kwa galoni, na haibridi zilizotumika zikawa za kugombaniwa. Kufikia mwisho wa mwaka uleule bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 2, na hamu ikapoa. Magari hayakubadilika hata skrubu moja katika miezi hiyo. Machi 2011 tetemeko na tsunami viliposimamisha viwanda Japani, Prius mpya zikawa adimu, na zilizotumika zikapanda. Anayeweza kuchagua siku ya kuuza ana silaha ambayo hakuna fundi anayeweza kumpa.

Jingine ni ruzuku, na hili ndilo linalozifanya haibridi za kuchomeka zionekane vibaya kwenye takwimu. Marekani, kwa mfano, kuanzia 2010 ilitoa punguzo la kodi la hadi dola 7,500 kwa gari jipya la kuchomeka, mpango uliokoma mwishoni mwa Septemba 2025. Kama mnunuzi wa kwanza alirudishiwa 7,500, hakuna atakayenunua gari lile likiwa limetumika kwa bei inayokaribia ya dukani. Kwenye karatasi gari linaonekana limeporomoka siku lilipotoka dukani, kumbe sehemu ya mporomoko huo mmiliki hakuitoa mfukoni. Bado kundi hili lina mzigo wake halisi: betri ni kubwa zaidi, ni ghali zaidi kubadilisha, na mnunuzi asiye na mahali pa kuchaji analipia kitu asichoweza kutumia.

Haibridi nyepesi hushuka karibu sawa na gari la petroli, kwa sababu kimsingi ndivyo lilivyo. Hapo angalia tu usiuziwe nyepesi kwa bei ya kamili. Beji ya nyuma inaweza kuwa na neno lilelile. Muulize muuzaji kama gari linaweza kuondoka injini ikiwa imezimwa, kisha mwambie akuonyeshe.

Kwa anayeuza, kazi ya maana ni moja: kumaliza shaka kabla mnunuzi hajaitaja. Safisha feni ya betri. Weka risiti za huduma kwa mpangilio wa tarehe. Peleka gari kwa fundi, lipimwe likiwa kwenye mwendo, na uchapishe namba za betri zikiwa na tarehe na mileji ya siku hiyo. Mnunuzi akija na fundi wake, mruhusu apime tena mwenyewe. Akikuta namba zilezile ulizomwonyesha, hana tena sababu ya kukata mafungu 12 kwa betri ambayo wote wawili mmeiona ikipanda kilima.